Kufundisha Matumizi na Utunzaji wa Jiko Dogo la Gesi

Utangulizi

Mwalimu atakayepangiwa kazi katika shule yoyote ya Unguja leo, iwe ya Mjini au ya shamba, atakuta darasani mwake watoto ambao jioni hutumwa jikoni. Huyu huchemsha maji ya chai, yule humpashia mdogo wake uji, na mwingine hubandika wali kabla mama hajarudi kutoka kazini. Zamani mtoto huyo alikaa mbele ya mafiga matatu au jiko la mkaa, na moto aliuona tangu unapoanza hadi unapokufa. Siku hizi nyumba nyingi zina mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6, wenye kichwa cha jiko kilichofungwa juu yake. Mtu mzima huubeba kwa mkono mmoja kutoka jikoni hadi uani, na kutoka uani hadi ufukweni siku ya mandari.

Jiko hili ni jema. Halina moshi unaoumiza macho na kifua, huwaka upesi, na huokoa miti. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wenye shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na gesi ni moja ya nishati hizo. Ni dhahiri basi kwamba mitungi itazidi kuingia majumbani, na watoto watazidi kuikuta.

Lakini gesi ina tabia moja isiyofanana na mkaa. Mkaa hujitangaza kwa moshi na kwa wekundu wake, gesi haionekani. Kwa sababu hiyo wazazi wengi humwambia mtoto, "Usiguse." Neno hilo ni amri, wala si somo. Mtoto huitii amri wakati aliyeitoa yupo. Atakapobaki peke yake, naye ana mdogo wake mwenye njaa, kitakachomwongoza ni kile anachokielewa.

Katika makala haya tutaeleza namna mwalimu mwanafunzi awezavyo kuandaa na kufundisha somo la jiko dogo la gesi kwa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, bila ya kuwasha gesi yoyote darasani. Tutaeleza pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe mara ya kwanza tulipolifundisha somo hili, kwa kuwa tunaamini lina mafunzo kwa kila mwalimu atumiaye majaribio.

Ziara ya Forodhani

Kabla ya kuandika andalio la somo, tuliwapeleka wanachuo wetu Forodhani. Mahali hapa, palipopata jina lake kutokana na forodha, ni bustani iliyo baina ya bahari na Ngome Kongwe, nayo ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Kila magharibi wauzaji wa chakula hupanga meza zao: mishikaki, pweza, urojo, juisi ya miwa, na zile chapati za kujazwa nyama na mayai ambazo wageni huziita pizza ya Zanzibar. Majiko ya mkaa na ya gesi huwaka karibu karibu, na upepo wa bahari hauna simile. Kwa mwenye kutaka kujua jiko la gesi linavyotumika nje ya nyumba, hapana darasa linalopita hilo.

Tuliwagawa wanachuo katika vikundi vya watu wanne wanne. Kila kikundi kiliomba ruhusa kwanza, tena kikanunua chakula, kwa kuwa si adabu kumsimamia mtu mbele ya meza yake na daftari mkononi bila ya kumwachia chochote. Maswali yalikuwa haya:

(a) Mtungi umewekwa wapi, na kitu gani kiko karibu nao?
(b) Upepo unatoka upande gani, na muuzaji amefanya nini juu yake?
(c) Moto una rangi gani, na chini ya sufuria pakoje?
(d) Wakati wa kuwasha, mkono upi hutangulia: wa kibiriti au wa koki?
(e) Vyuma vya jiko na mpira wa gesi vina hali gani?

Majibu yalikuwa mengi kuliko tulivyotarajia. Kikundi kimoja kiliona jiko limewekwa nyuma ya ukuta mfupi ili upepo usizime moto. Kikundi cha pili kiliona mtungi uliosogezwa mno karibu na jiko la mkaa la jirani. Kilimweleza mwenyewe kwa upole, naye akausogeza. Kikundi cha tatu kiligundua kutu nyekundu chini ya mtungi, mahali ambapo mwenyewe hapaoni mpaka auinue. Kutu hiyo ndiyo kazi ya hewa ya chumvi, na kwetu sisi wakaazi wa visiwani ni adui wa kila siku.

Swali la nne lilijibiwa na mzee mmoja aliyekuwa akikaanga chapati. Mwanachuo alimwamkia, "Shikamoo, babu," kisha akamwuliza. Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akasema, "Kibiriti kwanza, gesi baadae." Mwanachuo akauliza kwa nini. Mzee akajibu, "Gesi haimsubiri mtu."

Tuliporudi chuoni, wanachuo wote waliweza kuyakariri maneno hayo. Tulipowauliza gesi huenda wapi wakati mtu anatafuta kibiriti, wengi walijibu kwamba hupanda juu na kupotea kama moshi. Jibu hilo si kweli, na ndipo tulipoona somo letu lianzie wapi.

Maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani ilitambuliwa na mkemia wa Marekani, Walter Snelling, mwaka 1910, alipokuwa akichunguza mvuke uliokuwa ukitoka katika petroli. Gesi hizi hugeuka kuwa maji zinapobanwa kwa nguvu, na kwa hiyo mtungi unapotikiswa husikika kitu kikicheza ndani. Lita 1 ya propani iliyo maji hutoa lita zipatazo 270 za gesi. Hivyo mtungi mdogo unabeba gesi nyingi sana, na uvujaji mdogo si jambo dogo.

Nguvu iliyomo ndani hutegemea joto. Katika joto la nyuzi 30 za sentigredi, ambalo ni la kawaida kwetu, propani safi husukuma kuta za mtungi kwa nguvu ipatayo mara 10 ya ile ya hewa inayotuzunguka. Butani husukuma kwa mara 3 hivi. Joto likizidi, nguvu nayo huzidi. Kwa ajili hiyo mtungi haujazwi pomoni: huachwa nafasi ipatayo sehemu moja katika tano ili maji hayo yapate pa kutanukia. Kwa ajili hiyo pia mtungi hauwekwi juani wala karibu na moto mwingine. Tena mtungi husimamishwa wima daima. Ukilazwa, yanaweza kutoka maji ya gesi badala ya mvuke, na moto ukatoka kwa wingi usiozuilika.

Sasa tuje kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote. Uzito wa molekuli ya propani ni 44, na wa butani ni 58. Hewa ya kawaida, kwa wastani, ni 29. Maana yake ni kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, na butani mara mbili. Gesi inayovuja haipandi. Hushuka sakafuni, hutambaa, huingia chini ya kitanda na uvunguni mwa kabati, hushuka ngazi, na hukaa shimoni na mtaroni. Sehemu 2 hivi za gesi katika sehemu 100 za hewa zatosha kuwaka. Mtu aweza kuwa amesimama kichwa chake kikiwa katika hewa safi, na miguu yake imo ndani ya gesi.

Gesi yenyewe haina harufu. Watengenezaji huitia kemikali yenye harufu kali, mithili ya kabichi lililooza, ili iwe kengele. Lakini kengele hiyo haisikiki sawa kwa kila mtu: mwenye mafua huikosa, na aliyelala haamshwi nayo.

Mwisho ni rangi ya moto. Mwaka 1855 huko Heidelberg, Ujerumani, mkemia Robert Bunsen na fundi wake Peter Desaga walitengeneza taa ya maabara iliyochanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka. Jiko letu hufanya vivyo hivyo. Gesi hutoka katika kitundu chembamba, huvuta hewa kupitia matundu ya pembeni, na mchanganyiko huo huwaka juu. Hewa ikitosha, moto huwa wa buluu na sufuria hubaki safi. Hewa isipotosha, moto huwa wa manjano, sufuria hushika masizi, na hutoka kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo jiko lolote, la gesi au la mkaa, haliwashwi ndani ya chumba kilichofungwa.

Andalio la somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili vya dakika 40.

Shabaha: Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze (1) kueleza kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hushuka chini, (2) kufuata mpango sahihi wa kuwasha na kuzima jiko, (3) kutaja mambo ya kufanya anaposikia harufu ya gesi.

Zana: jagi mbili, bakuli la kioo lenye kina, vipande vitatu vya mshumaa, kimoja kifupi, kimoja cha kiasi na kimoja kirefu, vyote vikiwa chini ya ukingo wa bakuli, magadi soda ya dukani, siki au maji ya ndimu yaliyokamuliwa, karatasi ngumu iliyokunjwa kuwa mfereji, kibiriti, ndoo ya maji, na mfano wa jiko. Mfano huo hutengenezwa kwa kopo tupu la rangi, kigae cha mbao kwa kichwa, na kizibo cha chupa kwa koki. Mwalimu asilete mtungi wa kweli darasani, hata ulio mtupu. Mtungi mtupu si mtupu: moto umekwisha, lakini gesi kidogo imebaki.

Hatua ya kwanza: Mazungumzo. Mwalimu awaulize watoto nani hupika nyumbani, hupika kwa jiko gani, na huwashaje. Asimcheke wala asimkemee mtoto yeyote kwa jibu lake. Kisha aulize, "Gesi ikitoka bila ya kuwashwa, huenda wapi?" Majibu yote yaandikwe ubaoni, ya kweli na yasiyo ya kweli, yabaki hapo hadi mwisho.

Hatua ya pili: Mishumaa mitatu. Mwalimu asimamishe vipande vya mshumaa ndani ya bakuli, anyunyize vijiko vitatu vya magadi soda kuvizunguka, na aviwashe. Kisha amimine siki au maji ya ndimu polepole pembeni mwa bakuli, bila ya kuigusa mishumaa. Povu litatokea. Mshumaa mfupi utazimika kwanza, kisha wa kiasi, kisha mrefu. Watoto waulizwe: ni nani aliyeuzima? Kwa nini alianza na ule wa chini?

Kilichouzima ni kaboni dayoksaidi. Nasi hatukuichagua ovyo. Uzito wa molekuli yake ni 44, sawasawa na ule wa propani. Basi mwalimu amepata hewa isiyowaka ambayo, kwa uzito, ni pacha wa gesi ya jikoni. Itakavyoshuka hii ndivyo ishukavyo ile.

Hatua ya tatu: Mfereji. Mwalimu atengeneze kaboni dayoksaidi katika jagi kwa njia ile ile na angoje povu litulie. Auegemeze mfereji wa karatasi mshazari, na mwisho wake wa chini aweke mshumaa unaowaka. Kisha ainamishe jagi juu ya mfereji kana kwamba anamimina maji, ila asiruhusu siki itoke. Watoto hawataona chochote kikipita. Baada ya kitambo kidogo mshumaa ulio chini utazimika. Kwa watoto wa Mji Mkongwe, ambao nyumba zao zina ngazi ndefu za mawe, ulinganisho haupo mbali: mfereji ni ngazi, jagi ni jiko la ghorofani, na mshumaa ni taa ya jirani wa chini.

Hatua ya nne ni masahihisho, na hatua ya tano ni mazoezi kwa kutumia mfano wa jiko. Tutaieleza hatua ya nne peke yake, kwa sababu mara ya kwanza hatukuwa nayo.

Kosa tulilolifanya

Tulipolifundisha somo hili kwa mara ya kwanza katika mazoezi ya kufundisha, majaribio yalikwenda vizuri mno. Watoto walishangaa, walipiga makofi, na mwanachuo aliyefundisha alifurahi. Sisi wakufunzi tuliokaa nyuma tulifurahi pia, na tukaandika alama nzuri. Kengele ilipokaribia kulia, mwanachuo aliuliza swali la mwisho: "Leo tumejifunza nini juu ya gesi ya jikoni?" Mtoto wa kike aliyekuwa mstari wa mbele akasimama, akasema kwa sauti safi: "Tumejifunza kwamba gesi ya jikoni huzima moto."

Darasa zima lilikubali. Mtoto yule hakuwa mzembe. Aliyaangalia majaribio kwa makini kuliko sisi. Aliona hewa nzito ikishuka, akaona moto ukizimika, na alikuwa ameambiwa kwamba hewa ile ni kama gesi ya jikoni. Akili yake ilikwenda moja kwa moja mahali ilipopelekwa. Lau angelirudi nyumbani na elimu hiyo, huenda angelisikia harufu ya gesi na asiogope kuwasha taa ya kibatari. Angelikuwa salama zaidi kama hakuja shule siku ile.

Tulimwomba mwanachuo asiwaachie watoto, tukachukua dakika kumi za mapumziko. Tangu siku hiyo hatua ya nne imekuwa sehemu ya somo, nayo hufanywa hivi. Mwalimu agawe ubao pande mbili. Upande mmoja aandike mambo ambayo hewa ya bakulini na gesi ya jikoni zinafanana: hazionekani, ni nzito kuliko hewa, hushuka, hutambaa. Upande wa pili aandike jambo ambalo zinapingana: hewa ya bakulini huzima moto, gesi ya jikoni ni chakula cha moto. Kisha aurudie mfereji, asimimine kitu, aulize: "Kama kilichoshuka hapa kingelikuwa gesi ya jikoni, mshumaa ule wa chini ungelifanya nini?" Awaachie watoto wafikiri. Jibu ni kwamba mshumaa usingelizimika. Gesi ingeliwaka pale chini, na moto ungelipanda mfereji mbio hadi kwenye jagi, mkononi mwa mwalimu. Mtoto aliyelielewa jibu hilo ameelewa maneno ya yule mzee wa Forodhani. Kila sekunde koki iko wazi bila ya moto, mfereji usioonekana unajengwa kutoka jikoni hadi kwenye moto wowote ulio karibu.

Funzo letu kwa mwalimu mwanafunzi ni hili: kila mfano una mahali unapoishia, na mtoto hapajui mahali hapo mpaka aonyeshwe. Sisi tunapolinganisha vitu viwili, huwa tunajua vinapofanana na vinapotengana. Mtoto huvipokea vyote kwa pamoja. Katika masomo mengine kosa hilo huleta alama mbaya kwenye mtihani. Katika somo la moto huleta msiba.

Mpango wa kutumia jiko

Mambo haya yafundishwe kwa vitendo juu ya mfano wa jiko, kila mtoto akipata zamu yake, wavulana na wasichana sawasawa. Moto haumuulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke.

1. Weka jiko mahali pa tambarare na imara, mbali na pazia, mkeka na makuti. Milango na madirisha yawe wazi.
2. Tazama chini na pembeni kama kuna moto mwingine. Jiko la mkaa la jirani ni moto.
3. Chagua sufuria inayolingana na jiko. Sufuria kubwa mno hupinduka, tena huurudisha moto chini kwenye mtungi.
4. Washa kibiriti kwanza, kisogeze pembeni mwa kichwa cha jiko, ndipo ufungue koki kidogo kidogo. Uso usiinamishwe juu ya jiko.
5. Kibiriti kikizimwa na upepo, funga koki papo hapo. Subiri dakika chache gesi itawanyike, kisha anza upya.
6. Usiondoke jiko likiwaka. Mafuta yakishika moto, funga koki kama unaifikia, funika kwa kifuniko, wala usimwage maji.
7. Ukimaliza, funga koki mpaka moto ufe, hakikisha imekaza, na acha jiko lipoe kabla ya kulibeba.

Upepo wataka maneno mawili zaidi. Wengi hulizungushia jiko bati au debe ili moto usipeperuke. Kwa jiko ambalo kichwa chake kiko juu ya mtungi, jambo hili ni la hatari, maana joto hunaswa na kuushukia mtungi. Ni bora jiko lihamishiwe mahali palipo na kinga ya ukuta, kama walivyofanya baadhi ya wauzaji tuliowaona.

Utunzaji

Kazi nyingine za utunzaji ni za mtu mzima, lakini mtoto azijue ili aweze kukumbusha.

Kila mtungi unapobadilishwa, pete ya mpira iliyopo kwenye maungio itazamwe. Ikiwa imepasuka, imekauka au haipo, jiko lisiwashwe. Baada ya kufunga kichwa, maungio yote yapakwe povu la sabuni. Povu likitoa mapovu yanayokua, gesi inavuja. Kamwe mtu asitafute uvujaji kwa kibiriti. Maungio yasipakwe mafuta wala grisi.

Kwa majiko yenye regyuleta na mpira, mpira ukunjwe kidogo kwa vidole ili nyufa zionekane. Ukiwa na nyufa au umekuwa mgumu, au tarehe iliyoandikwa juu yake imepita, ubadilishwe mzima. Usifungwe kitambaa wala gundi.

Moto ukigeuka wa manjano, jiko lizimwe, lipoe, kisha kichwa kipigwe brashi. Mara nyingi sababu ni chakula kilichofurika, vumbi, au buibui na nyigu waliojenga ndani ya matundu ya hewa wakati jiko lilipowekwa muda mrefu. Kitundu cha gesi kisichokolewe kwa sindano, kwani sindano hukipanua, na moto hautakuwa sawa tena.

Mtungi usiwekwe juu ya mchanga mbichi wala sakafu ya majimaji. Uinuliwe juu ya mbao, ufutwe kwa kitambaa kikavu, na chini yake pakaguliwe kila mara. Wenye kuishi karibu na pwani wafanye hivyo zaidi ya wengine. Mtungi ulioliwa na kutu urudishwe kwa muuzaji. Kupakwa rangi nyumbani huficha kutu, wala hakuiondoi.

Ukisikia harufu ya gesi

Sehemu hii ifundishwe kwa igizo fupi, lirudiwe hadi mwili wa mtoto uzoee. Mtoto mmoja ni mpishi, mwingine ni mdogo wake aliyelala, wa tatu ni jirani. Mwalimu atangaze, "Harufu!" nao wafanye yafuatayo: mpishi asiwashe kibiriti, asibonyeze swichi yoyote ya umeme, kuwasha wala kuzima, kwa kuwa cheche ndogo yatosha. Afunge koki kama anaifikia bila ya hatari. Amchukue mdogo wake kwanza kabla ya kitu chochote kingine, afungue mlango anapopita, atoke nje, amwite mtu mzima. Simu kwa zimamoto ipigwe kutoka nje, na namba yao iwe imeandikwa ubaoni na katika kila daftari.

Ikiwa gesi inayovuja imekwisha shika moto, mtoto asijaribu kuizima, atoke tu. Mtu mzima naye akumbuke kufunga koki kwanza. Moto ukizimwa na koki bado iko wazi, gesi huendelea kutoka na kujikusanya, ikingojea moto mwingine.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, mafuta na asali visipakwe juu ya kidonda.

Hitimisho

Mwalimu aweza kudhani kwamba somo la jiko ni dogo, halina heshima ya masomo ya vitabuni. Sisi tunaona kinyume chake. Ndani yake mna uzito wa gesi, mna joto na msukumo, mna kuwaka na kutu, na mna adabu ya kumwuliza mjuzi kazini kwake. Zaidi ya yote, mna mtoto atakayejaribu elimu yetu jioni ile ile, bila ya mwalimu kumsimamia.

Basi kabla kengele haijalia, mwalimu arudi kwenye majibu yaliyobaki ubaoni tangu mwanzo, na awaombe watoto wenyewe wafute yasiyo kweli na waseme kwa nini wanayafuta. Asiridhike na makofi. Asikilize jibu la mwisho.

Maswali ya mjadala kwa wanachuo

1. Taja mfano mmoja unaoutumia katika somo lolote. Onyesha unapofaa na unapoishia. Mtoto aweza kupata dhana gani ya makosa kutokana nao?
2. Shule yako ipo kijijini, na nyumba nyingi bado zinatumia kuni. Je, somo hili lifundishwe? Toa sababu.
3. Andika maswali matano ya kuchunguza kwa ziara ya sokoni au ufukweni karibu na shule yako. Eleza utakavyoomba ruhusa.
4. Mzazi amekuja kulalamika kwamba umemfundisha mwanawe kuwasha gesi. Utamjibu nini, na utamwonyesha nini?